Dohani inatoa nyuzi 205 na bado boila ya mafuta inawaka: tuanzie wapi?

MwanaKilindini

Shikamooni wakubwa wangu, na salamu kwa mabaharia wenzangu wote.

Mimi ni mhandisi wa tatu katika meli ya shehena kichele inayobeba kiasi cha tani 58,000. Injini yetu kuu ni ya mapigo mawili, ina silinda sita, na nguvu yake kamili ni kilowati 9,480 kwa mizunguko 127 kwa dakika, ingawa tangu nipande meli hii sijaiona ikifika huko. Wakodishaji wanataka twende polepole, kwa hiyo tunasafiri kwa mizunguko 104, ambayo ni kama asilimia 55 ya nguvu yake, na tunachoma karibu tani 22 za mafuta kwa siku. Safari zetu nyingi ni za makaa ya mawe kutoka Richards Bay, Afrika Kusini, kwenda bandari za India, kisha tunarudi tupu.

Ndani ya dohani tuna ekonomaiza, yaani boila inayochukua joto la moshi wa injini kuu na kutengeneza mvuke wa kupasha moto matangi ya mafuta, mashine za kusafishia mafuta na maji ya kuoga. Kwa maelezo ya waliojenga meli, ekonomaiza hiyo peke yake inatosha tukiwa safarini. Ninachokiona mimi kila zamu ni kingine kabisa. Presha ya mvuke, ambayo inatakiwa isimame kwenye baa 6, inashuka taratibu hadi 4.5, boila ya mafuta inajiwasha, inanguruma kwa muda, inazimika, na kabla sijamaliza kuandika kwenye kitabu cha kumbukumbu inaanza tena. Nikijumlisha siku nzima, inakula karibu tani moja, huku moshi wenye joto tele ukipita juu ya vichwa vyetu na kupotelea hewani.

Vipimo vyangu ni hivi: moshi unaingia kwenye ekonomaiza ukiwa na nyuzi 245 za Selsiasi na unatoka ukiwa na nyuzi 205. Tofauti ya presha ya moshi kati ya upande wa kuingilia na wa kutokea ni milimita 95 za maji, na kwa kuwa kitabu cha maelekezo kinataja kikomo cha milimita 150, nimechukulia kwamba hapo hatuna tatizo.

Nauliza kwa sababu meli hii mwaka jana ilipewa daraja D, la pili kutoka chini, katika CII, yaani kipimo cha Shirika la Kimataifa la Bahari cha kaboni dioksidi ambayo meli inatoa kwa mwendo wake, na ofisi sasa inafikiria kufunga mtambo mdogo wa kuzalisha umeme kutokana na joto la maji ya jaketi, yaani maji yanayopoza silinda za injini, wa aina ile inayotumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Chifu wetu ameniambia niandike maoni yangu kabla hatujafika India. Je, mtambo huo unaifaa meli kama yetu? Na kwa nini ekonomaiza iliyokuwa ikitosha zamani haitoshi leo?

Chifu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nitaanza na swali lako la pili, maana ndilo lililobeba jibu la lile la kwanza.

Umejidanganya na hiyo milimita 150, wala si wewe wa kwanza. Kikomo hicho ni cha injini inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Kizuizi ambacho moshi unakutana nacho hakipandi sawasawa na wingi wa moshi, bali kinapanda kwa mraba wake. Kwa mwendo wenu, moshi unaopita ni kama asilimia 60 ya ule wa nguvu kamili, na 0.6 mara 0.6 ni 0.36. Gawa 95 kwa 0.36 uone: unapata zaidi ya milimita 260. Leo nahodha akitaka mwendo wote kwa sababu ya kimbunga, injini hiyo itakabwa koo. Ekonomaiza safi kwa mwendo wenu ingepaswa kusoma kama 40 au 50. Hicho unachokiona ni masizi, na ndiyo maana moshi unatoka na nyuzi 205: mabomba yamevishwa koti.

Koti hilo limeletwa na huo mwendo wa polepole. Ekonomaiza ilipimwa kwa injini inayokimbia, ambapo moshi unapita kwa kasi ya kutosha kubeba masizi yake hadi nje. Ukipunguza mwendo, kasi ya moshi inaanguka, na masizi, ambayo nayo yanaongezeka kwa sababu mafuta hayaungui vizuri, yanapata nafasi ya kukaa. Yakiwa na unyevunyevu wa mafuta yasiyoungua yanashika kwenye bomba kama lami. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalioni: kipuliza masizi chenu kinatumia mvuke huohuo wa baa 4.5, hivyo kinapuliza bila nguvu, masizi yanabaki, presha inashuka zaidi. Subirini presha ipande hadi juu kabisa, hata kwa msaada wa boila ya mafuta, ndipo mpulize. Na mwombeni ofisa wa zamu awaambie upepo unatoka wapi, msije mkapakwa masizi juu ya vifuniko vya ngama za shehena vilivyooshwa jana.

Lakini mimi sikuandika haya kwa ajili ya tani moja ya mafuta. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mhandisi wa pili, tulitoka bandarini baada ya kuzunguka nje kwa siku mbili injini ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa. Saa moja baada ya kuongeza mwendo, mpaka mafuta, yaani baharia wa kulainisha mashine, alikuja mbio kuniambia kuna harufu ya rangi inayoungua. Nilipanda juu nikakuta rangi ya dohani inafura malengelenge, moja baada ya nyingine, kama ngozi iliyomwagikiwa uji. Masizi yalikuwa yamewaka ndani ya ekonomaiza. Masizi makavu yanahitaji zaidi ya nyuzi 300 ili yashike moto, lakini yaliyolowa mafuta yanaweza kuwaka hata kwa nyuzi 150. Tulisimamisha injini, tukaziba hewa, tukaacha pampu ya kuzungusha maji ya ekonomaiza iendelee, na Mungu akatusitiri. Kama maji yangekauka ndani ya mabomba, joto lingepanda kupita nyuzi 1,000, na hapo chuma chenyewe kinageuka kuwa kuni. Moto ukifika huko, kumwaga maji kidogo kidogo ni kuulisha.

Kwa hiyo kabla ya mtambo wowote mpya, osheni huo uliopo. Mkifika nangani, acheni ipoe, fungueni mifereji yote ya chini, funikeni mdomo wa turbochaja, ile mashine inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa kwenye injini, ili maji machafu yasiteremke humo, kisha osheni kwa maji ya vuguvugu yasiyo na chumvi, mengi, kwa mfululizo, mpaka yanayotoka yawe safi. Kuosha nusu na kuacha ni kubaya kuliko kutoosha, kwa sababu masizi yaliyolowa yanaachilia asidi ya salfuriki inayokula mabomba. Maji hayo machafu yakusanyeni tangini. Na kila mnaposimamisha injini, pampu ya kuzungusha maji isizimwe kabla ya saa 12 kupita. Chifu yeyote anayeizima mapema ili kuokoa umeme anacheza kamari na dohani.

Mwalimu wa Joto

Nakubaliana na Chifu, nami naomba niongeze hesabu, kwa sababu ofisi haitashawishika kwa harufu ya rangi.

Tani 22 za mafuta kwa siku ni sawa na joto la takriban kilowati 10,400. Kati ya hizo, kama kilowati 5,200 zinafika kwenye rafadha, yaani nusu, na hilo ni jambo la kujivunia kwa injini yoyote. Zaidi ya robo inaondoka na moshi. Kinachobaki kinagawanywa baina ya kipoza hewa ya turbochaja, maji ya jaketi, mafuta ya kulainishia na joto linalosambaa chumbani.

Tuutazame moshi kwanza. Kwa mwendo wenu unapita kama kilo 13 kila sekunde, na kila nyuzi moja mnayoipunguza kwenye moshi huo inawapa takriban kilowati 14. Sasa hivi mnaushusha kwa nyuzi 40, mnapata kama kilowati 550, ambazo ni karibu kilo 800 za mvuke kwa saa. Mabomba yakiwa safi mnaweza kuushusha hadi kama nyuzi 180. Chini ya hapo hamwezi kwenda mbali, kwa sababu maji yanayochemka kwa presha ya baa 6 yenyewe yana nyuzi 165, na joto halivuki kutoka kwenye kitu kwenda kwenye kingine bila tofauti. Kutoka 245 hadi 180 ni nyuzi 65, yaani kilowati 900. Pengo kati ya hali ya sasa na hali safi ni kilowati 350, na ukitaka kuzipata kwa boila ya mafuta utachoma kama kilo 900 kwa siku. Linganisha na hiyo tani moja uliyoitaja. Tatizo lenu lote liko ndani ya masizi.

Sasa mtambo wa ofisi. Maji ya jaketi yana nyuzi 85 na bahari ya njia yenu ina kama nyuzi 30. Kati ya viwango hivyo viwili, sheria ya pili ya joto hairuhusu mashine yoyote, hata ingetengenezwa peponi, kugeuza zaidi ya asilimia 15 ya joto kuwa kazi, na mashine za kweli zinapata chini ya nusu ya hapo. Tuseme jaketi linatoa kilowati 700: mtambo utawapa kilowati 45 hivi, kabla ya kutoa umeme wa pampu zake wenyewe. Jenereta ikichoma gramu 215 kwa kilowati kwa saa, umeokoa kilo 230 za mafuta kwa siku.

Hata hizo ni za makadirio ya furaha, maana joto hilo tayari lina mwenyewe. Mtambo wenu wa kugeuza maji ya bahari kuwa maji yasiyo na chumvi unafanya kazi kwa joto la jaketi hilohilo: unanyonya hewa hadi maji yachemke kwa nyuzi 45 tu. Kutengeneza tani 15 kwa siku kunakula zaidi ya kilowati 400. Huo nao ni urejeshaji wa joto, na ni wa busara zaidi, kwa sababu unatumia joto kama joto bila kulilazimisha liwe umeme. Ukitoa sehemu yake, mtambo mpya utabakiwa na makombo ya kilowati 300 na utatoa umeme usiozidi kilowati 20.

Sisemi kwamba mitambo hii ni hadaa. Feri ya Viking Grace inayosafiri kati ya Finland na Sweden ilifungiwa mtambo wa namna hiyo mwaka 2015. Meli ya makontena Emma Mærsk, iliyoanza kazi mwaka 2006, ina injini ya silinda 14 yenye zaidi ya kilowati 80,000, na moshi wake unatengeneza mvuke unaozungusha tabo (turbini) ya umeme. Watengenezaji wa injini kubwa kama hiyo wanasema mfumo kamili unaweza kurudisha hadi karibu asilimia 10 ya nguvu ya injini, na meli ile ina mamia ya makontena yenye majokofu yanayoulilia umeme huo. Lakini hesabu zake zilipigwa kwa injini inayokimbia. Baada ya 2008 kampuni za makontena zilianza kupunguza mwendo ili kuokoa mafuta, na joto likapungua pamoja na mwendo. Kwa kuwa nguvu inayotakiwa inashuka karibu kwa mchemraba wa kasi, kwenda polepole kunaokoa mafuta mengi kuliko mtambo wowote wa joto utakavyookoa, hata kama kunauacha mtambo huo na njaa.

Nahodha wa Boti

Samahani kwa kuingilia. Mimi niko kwenye boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja. Injini zetu ni za mapigo manne, za kasi, na moshi wake una joto kubwa kuliko huo wenu. Tajiri wetu amesikia habari hizi na anauliza kama tunaweza kupata baridi ya viyoyozi kutokana na moshi. Mwalimu unasemaje?

Mwalimu wa Joto

Nahodha, joto mnalo, muda hamna. Safari yenu haifiki saa mbili, kisha injini inazimwa abiria washuke. Mtambo wa kupoza kwa joto unahitaji sehemu ya muda huo kupata moto tu. Isitoshe ni mzito, na boti ya kasi inalipia kila tani inayoongezwa kwa mafuta. Mwambie tajiri apake kioo rangi ya kuzuia jua na asafishe chombo chini ya maji mara kwa mara.

Fundi Stimu

Wakuu, mmezungumzia mvuke unaotengenezwa, lakini hakuna aliyeuliza unakwenda wapi. Mimi nafanya matengenezo ya meli hapa Mombasa, na katika meli nyingi ninazoitwa, nusu ya lawama inayotupiwa ekonomaiza si yake.

MwanaKilindini, nenda kashike bomba la kurudishia maji kwenye tangi la maji ya boila. Namaanisha ulisogelee, usilishike kweli. Soma kipimajoto cha tangi hilo. Kama kinasoma zaidi ya nyuzi 90 na juu yake kuna wingu la mvuke, basi trapu zako zinavuja. Trapu ya mvuke ni kile kidude kinachotakiwa kuruhusu maji kutoka na kuuzuia mvuke ubaki hadi uachie joto lake. Ikiharibika ikabaki wazi, mvuke mbichi unapita moja kwa moja kurudi tangini, na wewe unachoma mafuta kupasha moto chumba cha mashine. Pima kila trapu, kabla na baada yake, kwa kile kipimajoto cha miale.

Jambo la pili ni matangi ya mafuta. Hapa namkosoa Chifu kidogo, kwa heshima, kwamba tani hiyo moja haiwezi yote kuwekwa kwenye shingo ya masizi. Tangu tarehe 1 Januari 2020, kikomo cha salfa kilipotoka asilimia 3.5 hadi 0.5, meli nyingi zisizo na kisafisha moshi zinanunua mafuta mengine kabisa, na mengi yake ni mepesi kuliko mafuta mazito ya zamani. Lakini mazoea hayajabadilika: utakuta tangi la akiba linapashwa hadi nyuzi 50 kwa sababu ndivyo alivyofanya mhandisi wa kabla yako na wa kabla yake. Soma cheti cha mafuta mliyopokea, tazama nyuzi ambazo yanaganda, kaa kama nyuzi 10 juu ya hapo, na hakikisha tu pampu ya kuhamishia inaweza kuyavuta. Katika Bahari ya Hindi matangi mengine hayahitaji mvuke kabisa. Kuyapasha kupita kiasi kunayaharibu vilevile, na tope lake mtalikuta kwenye pyurifaya, ile mashine ya kusafishia mafuta.

Chifu Mstaafu

Fundi, nimekubali kukosolewa. Enzi zetu tulikuwa na mafuta ambayo ungeyaacha yapoe ungeyakata kwa kisu, na mkono wangu bado unajua valvu ile tu.

MwanaKilindini

Wakubwa, nimerudi baada ya wiki tatu, tukiwa nangani nje ya bandari ya India.

Tumeosha ekonomaiza kwa siku mbili. Maji ya kwanza yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa chungu, na karatasi ya kupimia asidi ikawa nyekundu papo hapo. Tuliendelea hadi usiku wa siku ya pili ndipo yalipotoka meupe. Kabla ya hapo, tukiwa bado safarini, nilipima trapu zote 31: sita zilikuwa wazi, na tatu kati ya hizo ziko kwenye tangi moja la akiba ambalo, kama Fundi alivyobashiri, lilikuwa linapashwa hadi nyuzi 52 wakati cheti kinasema mafuta yanaganda kwa nyuzi 21. Tumefunga mvuke wa tangi hilo. Tangi la maji ya boila limeshuka kutoka nyuzi 93 hadi 74, na hata kabla ya kuosha, boila ya mafuta ilikuwa imepunguza ulaji wake hadi kama kilo 600 kwa siku.

Jana tulihamishwa sehemu ya kutia nanga, safari ya saa tano, nikamwomba nahodha atupe mizunguko 104 kwa saa mbili kati ya hizo. Tofauti ya presha ilisoma milimita 44. Moshi uliingia na nyuzi 243 na kutoka na 183. Mvuke ulisimama kwenye baa 6 na ikabidi valvu ya kumwaga mvuke wa ziada ifunguke, kitu ambacho mpaka mafuta wetu hajawahi kukiona. Alidhani kuna hitilafu akaja kuniamsha.

Katika maoni niliyomkabidhi Chifu wetu nimeweka hesabu za Mwalimu kama zilivyo: kilo 900 za mafuta kwa siku bila kununua chochote zaidi ya trapu sita, dhidi ya kilo 230 za mtambo mpya, au pungufu ya nusu yake tukitaka kuendelea kuoga. Kila tani ya mafuta inayobaki tangini ni zaidi ya tani tatu za kaboni dioksidi zisizoandikwa kwenye CII yetu. Nimeomba pia vipimo vya ekonomaiza viandikwe kila siku pamoja na mizunguko ya injini, ili mtu asije akasoma 95 tena akalala.

Kilichobaki ni siku za nangani. Injini kuu imezimwa, moshi wa jenereta ni mdogo na haupiti kwenye ekonomaiza, kwa hiyo boila ya mafuta inawaka peke yake, na wiki hii tumeambiwa tutasubiri gati siku nane. CII inahesabu mafuta hayo yote ilhali hatujasogea hata maili moja. Kama kuna aliyewahi kufanya kazi kwenye meli yenye ekonomaiza ndogo juu ya jenereta, naomba aniambie iliwapa mvuke kiasi gani na masizi yake walikuwa wanayaosha baada ya muda gani.